Mpiga Reli na Kigoda Chake

Alipozaliwa sikuwepo, kwa hiyo habari hizo mtawauliza wengine. Ukoo wake nao siujui, zaidi ya kwamba alikuwa Mzigua wa Kwaluguru na alikuwa na kaka yake huko. Mimi nilimkuta tayari ni mzee, tayari ana jicho moja, tayari anapiga reli.

Nieleze hiyo reli, maana nyinyi mliosoma shule zenye kengele mtadhani nasema garimoshi. Kambi yetu ilikuwa katikati ya mashamba ya mkonge, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Korogwe. Mbele ya ofisi ya mnyapara palikuwa na kipande cha reli, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye mwarobaini. Kila alfajiri mzee alikigonga kwa nyundo, na kambi nzima, Wangoni, Wamakonde, Wanyamwezi, Warundi, Waislamu, Wakristo, na wale wasiokuwa na dini mpaka waugue, iliamka ikimtukana kwa lugha zake zote.

"We mzee, hiyo nyundo na ikuangukie mguuni!"

Alisikia yote. Akimaliza kugonga alisimama pale kichwa chini kama mtu aliyechelewa msibani, kisha akapita kwenye milango ya wale ambao bado hawajatoka. Hakubisha hodi. Alikohoa tu nje ya mlango, kikohozi kidogo cha adabu, mpaka mtu aone haya na kuamka. Ndivyo alivyokuwa. Ndiye aliyekuwa na kelele kubwa kuliko wote kambini, na ndiye asiyekuwa na sauti. Akiongea ilikubidi usogeze sikio, na ukilisogeza alikuwa keshamaliza.

Siku moja niliviringisha blanketi kuukuu kwenye ile reli ili nisikie itasemaje. Ilisema "bup". Mzee akagonga tena: bup. Akalitoa blanketi, akalikunja vizuri, na kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda akapita mlango kwa mlango akikohoa, kambi nzima, mpaka watu wote wakatoka. Hakunisema kwa mnyapara. Jioni alikuja kwetu, akampa mama yangu lile blanketi kwa mikono miwili.

"Lilidondoka," alinong'ona.

Mama akaliangalia blanketi, akaniangalia mimi. Kwa siku mbili nilikula nimesimama.

Lile jicho lilitobolewa na mwiba wa mkonge, zamani, alipokuwa mkataji. Jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, na mkataji akiinama haraka mwiba haumsubiri. Baada ya hapo ndipo wakampa nyundo. Hakulalamika. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kama anaona nusu nusu, nusu ya ng'ombe, nusu ya mama. Alifikiri sana, maana hakujua kucheka haraka, akasema, "Naona yote. Ila inanibidi nigeuke." Na kweli ukikaa upande wake wa kushoto aligeuza kichwa chote kukutazama, ukajisikia mtu wa maana hata kama umekuja kumwibia karanga.

Alikula peke yake. Hakuwa mkorofi wala hakuwa na majivuno. Alibeba sahani yake akaenda nyuma ya ghala, akarudi imeoshwa. Watu walizoea. Wengine walidhani ni mwiko wa Kizigua, na wao wakamheshimu kwa mwiko ambao haupo.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Nilipofika darasa la tatu nilikuwa nasoma kama maji, na watu wazima kambini wakaanza kuniletea barua zao. Ujira wangu ulikuwa muwa au karanga. Tabu ni kwamba barua za watu zinachosha. Zote ni zile zile: tunakusalimu sana, sisi hatujambo, mvua haikunyesha, tuletee blanketi. Nikaona nizitie chumvi. Mkataji mmoja wa Kimakonde nilimwozeshea shangazi yake. Mpishi wa bwana meneja nilimzalia mapacha. Alifurahi, akapikia watu kahawa, na nadhani mapacha hao mpaka leo wananitafuta wanidai majina.

Mpiga Reli alikuja na barua moja tu. Ilitoka kwa kaka yake Kwaluguru, imeandikwa na mwandishi wa barazani kwa mkono wa kuparamia. Niliisoma kwa pumzi moja: kaka yako anakusalimu, mvua haikunyesha, tunahitaji blanketi na chumvi, ni mimi kaka yako.

Alibaki amesimama, jicho lake kwenye karatasi.

"Imekwisha?"

Nisidanganye kwamba nilimwonea huruma. Niliona tu ni barua fupi isiyofaa hata nusu muwa. Nikatazama huku na huku kutafuta uongo, nikaona kuku wetu amekaa juu ya kigoda cha mama jikoni. Nikasoma: "Na kigoda chako hakuna anayekikalia. Hata kuku tunamfukuza."

Mzee akakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa ndani. Alinipa muwa mzima.

Sikujua, na ningejua wapi, kwamba aliondoka kwao kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, na kwamba siku hiyo kaka yake alichukua kigoda chake akakitupa nje ya ua, watu wote wanaona. Haya aliniambia baadaye mama mmoja nitakayemtaja sasa hivi. Wakati ule nilichojua ni kwamba kila Jumapili mzee alinijia na ile barua, nami nikamsomea, na kila tukifika kwenye kigoda midomo yake ilitembea pamoja nami. Siku moja nilikuwa na haraka ya mpira, nikasema hata bata tunamfukuza.

"Mara zote alikuwa kuku," akanong'ona.

"Ndiyo, kuku. Mwandiko huu, mzee, mbaya."

Jasho lilinitoka kama mkataji.

Yule mama niliyetaka kumtaja ni Mama Brashi. Alifanya kazi kwenye nyumba ya brashi, mahali nyuzi za mkonge zilizokauka zinapochanwa na mashine mpaka ziwe laini, na alikuwa na mikono ambayo hakuna mwanamume kambini aliyetaka kushindana nayo. Nilimsomea barua nikamwambia dada yake amejifungua salama. Alinitazama kwa muda.

"Mimi sina dada," akasema.

Hakunipiga. Alifanya kitu kibaya zaidi. Alikwenda kwa watu, mmoja mmoja, akawaambia, "Tumechoka kusomewa na mtoto mwenye mdomo wa cherehani. Tusome wenyewe." Wengi walicheka. Sita walikubali, na yeye akawa wa saba. Walikutana Jumapili alasiri nyuma ya nyumba ya brashi.

Mwalimu hawakuwa naye. Mama Brashi alikumbuka herufi chache za utotoni. Mpishi alijua zile zilizo kwenye makopo ya maziwa ya bwana meneja. Mkataji wa Kimakonde alijua zilizopakwa rangi kwenye matoroli ya mkonge. Wakazimwaga kati kama watu wanaochanga chakula, kila mmoja akala za mwenzake. Daftari hawakuwa nalo. Waliokota majani ya mkonge yaliyodondoka njiani kuelekea mashineni, wakaandika juu yake kwa mwiba wake wenyewe. Ukikwaruza jani la mkonge kwa mwiba, alama haitoki tena.

Wa sita kukubali alikuwa Mpiga Reli. Watu walishangaa. Alikuja na jani lake, akakaa mwisho kabisa, amelipa kundi mgongo nusu. Na kosa lake la kwanza lilikuwa la mkataji mtupu: aliandika herufi A mara thelathini, akazihesabu, akafunga jani kwa uzi, akasimama kwenda zake. Mzigo mmoja wa mkonge ni majani thelathini, na mzigo ukitimia mkataji huufunga.

"Unakwenda wapi?" Mama Brashi akamuuliza.

"Nimemaliza."

"Kaa. Hapa kazi haimalizwi."

Nilicheka mpaka nikaanguka. Nilikuwa pale kwa sababu mama yangu alikuwa amesikia habari za yule dada asiyekuwepo, akanipeleka kwa sikio nikawasaidie. Sikujua kwamba kundi lilikuwa na sheria yake: anayemcheka mwenzake anasimama mbele ya wote na kuandika kitu asichokijua.

"Hakuna nisichokijua," nikasema. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mnisamehe.

"Basi simama," akasema Mpishi. "Tena simama vizuri, baba mapacha."

Nikapewa jani na mwiba. Nikaandika hili, likakataliwa, nalijua. Nikaandika lile, nalo nalijua. Watu saba wananitazama, jua linanichoma shingo, na mimi bingwa wa darasa sina la kuandika. Hapo Mpiga Reli akageuza kichwa chote.

"Andika jina la mama yangu," akanong'ona.

Mwaka mzima nilikuwa nimekula miwa ya mzee yule. Sikuwahi hata kufikiri kwamba ana mama. Nikamuuliza jina, akanitajia, nikaliandika polepole kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika shuleni. Akalichukua lile jani akalala nalo. Baada ya hapo sikukosa Jumapili hata moja, na hakuna aliyenishika sikio.

Sitaki kusema mzee alibadilika, maana neno hilo watu wa dini wamelichakaza. Nitasema nilichokiona. Kwanza aliacha kulipa kundi mgongo. Kisha akaanza kuligongea kundi reli: Jumapili alasiri, pigo moja dogo, ambalo asiye wa kundi alidhani ni upepo. Kisha siku moja Mpishi alishikilia kwamba herufi fulani lazima iwe na mkia kwa sababu kopo la jamu limeionyesha na mkia, na tukasikia sauti kubwa, "Sivyo!" Tukageuka wote kumtafuta mgeni. Alikuwa ni yeye. Alijishika mdomo kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

"Sema tena," Mama Brashi akamwambia.

"Sivyo," akasema, chini kidogo. "Huo si mkia. Ni kutu."

Siku hiyo alikula pamoja nasi. Hakuna aliyelitaja. Mpishi alisogea tu kidogo, kukawa na nafasi.

Alisema maneno yake ambayo hayakufanana na ya mtu mwingine. Kuhusu jicho lake na kusoma alisema, "Moja latosha. Herufi nazo zinakuja moja moja." Kuhusu kundi alisema, "Kule nagonga waamke wasiotaka. Hapa nagonga kwa waliokwisha amka." Lakini msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kijicho. Mama Brashi alipomtangulia kusoma sentensi nzima, alinuna wiki mbili, na katika hizo wiki mbili reli ya alfajiri ililia kama inapigana na mtu.

Mimi nami nilikuwa na wiki zangu. Mnanielewa? Kila herufi aliyoipata, nilimfundisha mimi nusu yake. Na kila herufi ilikuwa hatua moja kuelekea ile barua mfukoni. Mama Brashi aliwahi kunivuta pembeni.

"Ya mzee nayo uliitia chumvi?"

"Hapana, mama."

Alinitazama vile vile kama siku ya dada.

Halafu likaja shauri la majani. Mnyapara, akikagua mstari wa mkonge karibu na reli ya matoroli, akakuta majani mabichi, yakiwa bado kwenye shina, yamekwaruzwa neno lile lile. Si jani moja. Mstari mzima. Kuchukua jani la shambani ilikuwa ni wizi, lakini kuliandika likiwa limesimama hakuna aliyewahi kulifikiria, hata mnyapara hakujua alikatazeje. Akatupanga wote jioni mbele ya ofisi, jani moja mkononi.

"Kila mtu aandike hili neno chini. Mkono ukifanana, ndiye."

Hiyo ilikuwa rahisi. Asiyejua kuandika hana hatia. Mpishi akashika kijiti kama anayeshika nyoka, "Mimi, bwana, hata jina langu nalisikia tu." Mama Brashi akachora yai. Wakapita wote, wataalamu wa miezi na miezi, wote wajinga ghafla. Ikafika zamu ya Mpiga Reli. Mpishi akamkonyeza, nami nikamkonyeza upande wa jicho zima. Mzee akakitazama kijiti. Akapiga goti moja, akafuta vumbi kwa kiganja mpaka likawa laini, akaandika, herufi zimesimama sawa kama mstari wa mkonge mpya:

KIGODA.

Akainuka, akasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia, "Ni mimi. Naweza kuandika."

Alipewa palizi la wiki nzima, jua kali, mzee wa umri ule, na nyundo akapewa mtu mwingine kwa muda huo. Jumapili Mama Brashi alichukua jembe lake akamfuata shambani, na nyuma yake Mpishi, na nyuma yake wengine. Walilima mstari wake wote wakitaja neno herufi kwa herufi, jembe moja herufi moja. Nilikuwa miongoni mwao, nikilitaja neno langu la uongo. Kwa nini, kati ya maneno yote ya dunia, ajifunze lile? Nilijua kwa nini. Alikuwa anajifunza sura yake ili akilikuta kwenye barua alitambue.

Akaanza kulitafuta. Hakunishuku, na hilo ndilo lililoniuma. Likizo moja, wiki ambayo nilikuwa nafunga sanduku langu kuja Handeni kuanza shule ya kati, alinikuta nje ya nyumba yetu, barua mkononi.

"Msomi," akasema, "nimepata blanketi. Nimepata chumvi. Kigoda bado."

"Mwandiko mbaya, mzee."

"Ndiyo. Mbaya." Akaikunjua tena. "Nitaendelea kutafuta."

Nikamwomba nibaki nayo mpaka kesho, nimtafutie. Akanipa. Nilikwenda nayo nyuma ya jiko na penseli. Chini ya jina la kaka palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Mwandiko ule wa kuparamia ningeweza kuuiga, niliiga mikono ya walimu watatu. Nikaweka ncha ya penseli kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa imelainika kama kitambaa kwa kukunjwa, na kwenye mikunjo palikuwa peusi kwa vidole vyake. Nikaiondoa penseli. Wala ukweli sikumwambia. Asubuhi nikamrudishia barua nikasema sikuona vizuri, nikapanda lori.

Nilipokwenda kambini likizo iliyofuata, reli ilipigwa na kijana asiyejua kukohoa. Mama Brashi akaniambia mzee ameacha kazi, amerudi kwao.

"Alisoma yote?" nikauliza.

"Alisoma yote."

"Akasemaje?"

"Aliirudia siku tatu. Halafu akaazima penseli yangu." Akaendelea kuchambua mchele. "Muulize mwenyewe. Wewe si ndiye unayeishi Handeni?"

Sikumuuliza. Kwaluguru si mbali na shule yetu kwa mtu anayetaka kwenda, na mimi nilipata sababu za kutokwenda kila Jumamosi kwa miezi mingi. Nikajifanya nina kazi za shule, jambo ambalo liliwatisha walimu wangu.

Mwezi huu, siku ya gulio hapa Handeni, nilikuwa najaribu kumshawishi mama mmoja kwamba machungwa yake yamenisalimu kwa jina, ndipo nikasikia kikohozi nyuma yangu. Kidogo, cha adabu. Nikageuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuwa mrefu, msomi."

Alikuwa amevaa kanzu safi, na kando yake alisimama mzee mwingine, mkubwa zaidi, pua ile ile, ameshika kamba ya mbuzi. Sikuhitaji kuambiwa.

"Mzee," nikaanza, "ile barua. Lile neno la—"

Akainua kiganja. Akatoa barua mfuko wa ndani, akaifungua mikunjo minne, akanipa.

"Soma."

"Mzee, mimi..."

"Soma. Kaka yangu anapenda kusikia."

Nikasoma. Kaka yako anakusalimu. Mvua haikunyesha. Tunahitaji blanketi na chumvi. Ni mimi kaka yako. Na chini yake, kwenye ile nafasi ya vidole viwili, kwa penseli, herufi kubwa zilizosimama sawa kama mkonge mpya, palikuwa na mstari mwingine. Nikausogeza mstari huo karibu na macho. Wale wazee wawili wakangoja.

"Na kigoda chako hakuna anayekikalia," nikasoma. "Hata kuku tunamfukuza."

Kaka mtu akatikisa kichwa akikubali. "Ndivyo nilivyosema," akasema. Akaukagua mguu wa mbuzi ambao haukuwa na kasoro yoyote. "Siku aliyokuja akanisomea hivyo, kuku alikuwa juu ya kigoda kweli, anaatamia. Nikamwondoa. Na mayai yake."

Mbuzi akavuta kamba, kaka mtu akamfuata kidogo, tukabaki wawili. Nilimrudishia Mpiga Reli barua yake. Aliikunja mara nne bila haraka, kisha akageuza kichwa chote kunitazama.

"Jumapili tunakaa watu tisa pale kwetu," akasema. "Tumetundika jembe lililovunjika. Nalipiga mara moja tu. Njoo."

"Nitakuja, mzee."

"Na umesoma vizuri," akasema, kwa sauti ambayo mama wa machungwa aliisikia. "Leo hukuongeza hata neno."